Nguo ya Mchana na Nguo ya Usiku kwa Waendao Nchi ya Chai

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu tumeletewa suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, walakini ndani yake mna la siha, la mapambo na la sheria. Muulizaji ni mtu wa mji wa pwani. Yeye na watu wa nyumbani mwake wamealikwa harusini Kericho, na baada ya harusi wataka kutembea katika mashamba ya chai mpaka Bomet, kuwaonyesha watoto maporomoko ya Tenwek. Asema kuwa watakuwa mbele ya watu tangu asubuhi hata usiku, nao hawataki kuaibika kwa mavazi. Lakini jamaa zao waliowatangulia walirudi na vikohozi, na mtoto wao mmoja mwenye pumu alilazwa siku mbili. Auliza: wavae nini? Na je, kuvaa makoti na mabuti ya kizungu kwaharibu chochote katika dini?

Twaanza na hali ya nchi, kwani asiyejua hewa hawezi kuchagua nguo. Mji wa Kericho uko juu ya bahari yapata mita 2,000, na Bomet yakaribia hapo. Kila mtu apandapo mita 1,000 hewa hupungua joto kwa kiasi cha digrii 6. Basi Mombasa, hata katika kipupwe cha mwezi wa Julai, usiku haushuki sana chini ya digrii 20, na sisi hapo hujifunika shuka tukasema kuna baridi. Kericho mchana waweza kufika digrii 24, na usiku ule ule ukashuka mpaka 10 au chini yake. Januari mwaka 2012 jalidi, yaani umande ulioganda, iliharibu majani ya chai katika nchi hizo. Na tahadharini na usiku usio na mawingu: nyota zikionekana nyingi na mbingu imetakata, mgeni hudhani ni usiku mwema, kumbe ndio ulio baridi zaidi, kwa kuwa joto la ardhi limepanda juu lisipate kifuniko cha kulizuia.

Linalowadanganya watu wetu ni mchana. Kericho iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na hewa yake ni nyepesi, hivyo jua la saa sita huunguza ngozi hata kama upepo ni baridi. Mgeni hutoka asubuhi akitetemeka, saa tano akavua sweta akaliacha nyumbani kwa mwenyeji, naye akaenda mbali kwa gari. Alasiri mawingu hukusanyika kutoka upande wa Ziwa Viktoria na milima ya misitu ya Mau, ikanyesha mvua, mara nyingi mvua ya mawe. Jua likichwa amelowa, na sweta liko mji mwingine. Hivi ndivyo vikohozi vinavyopatikana, wala si kwa jicho la mtu.

Siku ya Idi hapa Mombasa mtoto huvishwa nguo yake mpya asubuhi, akaenda bembeani Makadara, akarudi usiku na nguo ile ile. Mazoea haya ndiyo tunayopanda nayo bara. Huko vazi moja halitoshi siku moja. Wala dawa yake si kuvaa koti zito tangu asubuhi, kwani mtu hutoka jasho mchana, na jasho likipoa mwilini usiku huwa ni baridi ya pili. Yataka nguo nyembamba kadhaa, moja juu ya moja, zivuliwe na kuvaliwa kwa saa zake. Nguo yenyewe haina moto. Kinachomhifadhi mtu ni hewa iliyonaswa baina ya nguo na nguo. Fulana, shati na sweta jepesi huzuia baridi kuliko koti moja nene lililo wazi kifuani. Tena pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mwenye kuivaa, lakini sufu hata ikilowa hubakisha ujoto.

Ajabu ya jambo hili ni kuwa Qur'ani imelitaja. Katika Sura An-Nahl, mwanzoni, Mwenyezi Mungu atukumbusha ujoto tuupatao kwa wanyama wa mifugo, yaani sufu na ngozi. Na mbele katika sura hiyo hiyo zatajwa nguo zinazotukinga na joto. Wafasiri wamesema joto limetajwa pale kwa kuwa walioambiwa mwanzo walikuwa watu wa nchi ya moto, na baridi yafahamika kwa kinyume chake. Watu wa pwani hali yetu ni kama ya wale: la joto twalijua bila ya kuambiwa, na la baridi twahitaji kufunzwa.

Ama kuhusu koti la kigeni, wako wasemao kuwa ni kujifananisha na wasiokuwa wenzetu. Maneno haya hayana nguvu. Imethibiti katika hadithi ya Mughira bin Shu'ba kuwa Mtume (s.a.w.), katika safari ya Tabuk mwaka wa 9 wa Hijra, alivaa juba ya sufu iliyotoka Sham, nayo wakati huo ni nchi ya Warumi. Mikono yake ilikuwa myembamba hata alipotaka kutawadha hakuweza kuipandisha, ikambidi atoe mikono kwa chini ya juba. Kilichokatazwa ni kujulikana, kama hariri tupu kwa wanaume, na nguo inayoonyesha uchi. Na kupenda nguo nzuri na kiatu kizuri si kiburi. Mtume aliulizwa hili hasa, akabainisha kuwa kiburi ni kukataa haki na kudharau watu.

Basi mwanamume na avae kanzu yake ya harusi, na ndani yake fulana ya mikono mirefu na suruali. Juu avae kizibao. Wazee wetu walikivaa kwa pambo, lakini huko juu kizibao hufanya kazi, kwani hukinga kifua na kuacha mikono huru. Koti la sufu la rangi ya kijivu au kahawia alichukue mkononi mchana, alivae baada ya alasiri. Udongo wa Kericho ni mwekundu mno, na pindo la kanzu nyeupe likiburura halitakati tena. Aliyezoea kuinua kanzu juu ya vifundo vya miguu atapata thawabu ya sunna na kusalimika na fuo zima la nguo.

Kwa wanawake jambo ni jepesi kuliko wanavyodhani. Buibui husitiri sweta kama linavyositiri gauni, basi nguo za ujoto zivaliwe ndani: fulana, sweta jepesi lisilo na vifungo vinene, suruali na soksi ndefu. Kwa nje haiba haipungui kitu. Juu yake awe na shali ya sufu yenye rangi inayoelekeana na mtandio, ijifungwe usiku, na mchana ikunjwe mkobani. Kwa njia hii hatalazimika, baridi ikimzidi, kuazima koti la mtu asiyemjua mbele ya wageni. Jambo hilo limewapata wengi, nao hawapendi kulitaja.

Watoto ndio wenye haki ya kwanza. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na mtoto akishughulika na mchezo hasemi kuwa ana baridi mpaka midomo igeuke rangi. Achukuliwe soksi mbili za akiba, kofia ya kufunika masikio, na leso pea moja ya kumfunga akilala garini. Mwenye pumu afunikwe pua na mdomo usiku, na dawa yake ya kuvuta iwe mkobani mwa mama, isifungwe ndani ya sanduku lililo juu ya gari.

Miguuni, makubadhi yabaki nyumbani. Watazameni wachumaji wa chai wenyewe: asubuhi huvaa mabuti ya mpira, na mbele hujifunga nailoni kiunoni, kwa sababu majani yana umande na vijiti vyake hukwaruza. Mgeni atakaye kuingia baina ya mistari ya chai na afanye vivyo hivyo, kisha abadilishe viatu.

Na hapa ndipo sheria ilipotupa rukhsa ambayo watu wa pwani hatuitumii. Aliyevaa khofu za ngozi baada ya kutimiza tahara aweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkazi mchana mmoja na usiku wake, na msafiri siku tatu na nyusiku zake. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i muda wahesabiwa tangu hadathi ya kwanza baada ya kuvaa. Lakini soksi nyepesi za pamba hazitoshi. Yashurutiwa kiwe kitu cha kufunika mguu pamoja na vifundo, chenye nguvu ya kutembelewa, wala kisipenywe na maji. Katika baridi ya alfajiri ya Kericho, ambako maji ya bomba huuma vidole, mtu ataijua thamani ya rukhsa hii.

Muulizaji ametaja pia gharama. Haina haja ya kukopa. Soko la Kongowea limejaa makoti ya sufu ya mitumba kwa bei ndogo, tena mazuri. Wenye wasiwasi kuwa yamevaliwa na watu wasiojulikana na wajue kuwa asili ya nguo ni tahara mpaka ionekane najisi. Zifuliwe, zianikwe juani kabla ya safari, kwani huko juu nguo ya sufu iliyolowa yaweza kukaa siku mbili isikauke.