Kuvu za Kibanja na Mabadiliko ya Hali ya Hewa

Mwanafunzi apitaye katika kibanja cha Bukoba au Muleba wakati wa masika huona migomba, mibuni, maharage na matandazo ya nyasi yaliyolowa maji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhai wa shamba hilo haionekani kwa macho. Katika matandazo, udongoni, ndani ya mizizi na juu ya majani mna jamii kubwa ya kuvu. Baadhi ya kuvu hizo huulisha mgomba. Nyingine huua mbuni. Makala haya yanaeleza jinsi jamii hiyo inavyobadilika wakati joto na unyevu vinapobadilika, na kwa nini jambo hilo linahusu chakula na fedha za kaya nyingi za mkoa wa Kagera.

Kuvu ni nini?

Zamani kuvu ziliwekwa katika kundi la mimea. Siku hizi zinahesabiwa kuwa kundi la peke yake, kwa sababu hazina klorofili wala hazijitengenezei chakula kwa nuru ya jua. Mwili wa kuvu nyingi ni nyuzi nyembamba mno. Nyuzi hizo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha chakula nje ya mwili, kisha hukifyonza kikiwa katika maji. Kwa sababu hiyo kuvu haiwezi kukua pasipo unyevu, na joto ndilo linaloongoza kasi ya ukuaji wake. Kuvu huenea kwa spora, yaani chembe ndogo mfano wa vumbi, zinazochukuliwa na upepo, matone ya mvua, au hata panga la mkulima.

Katika kibanja tunaweza kuzigawa kuvu katika mafungu matatu. La kwanza ni waozeshaji, ambao hugeuza majani na nyasi kuwa mboji. La pili ni washirika waitwao mikoriza, ambao huishi katika mizizi ya mgomba na mbuni. Huupatia mmea fosforasi na maji, nao hupewa sukari. La tatu ni wavamizi, ambao huleta magonjwa.

Hali ya hewa ya mahali

Mji wa Bukoba uko ufukoni mwa Ziwa Viktoria, katika mwinuko wa mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa huleta mawingu mengi, na mvua ya mji huo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hupungua kadiri mtu anavyoliacha ziwa na kuelekea magharibi. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye ukavu zaidi.

Hali hiyo haisimami mahali pamoja. Mwaka 2021 Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza kwamba joto la uso wa dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kiasi cha nyuzi 1.1 za Selsiasi. Je, kuvu zote huitikia badiliko la namna hiyo kwa njia moja? La. Mifano mitatu ifuatayo yatosha kuthibitisha.

Kutu ya majani ya kahawa

Kuvu ya kutu, Hemileia vastatrix, ilipewa jina hilo mwaka 1869, baada ya kuzuka katika mashamba ya Ceylon, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka. Kilimo cha kahawa cha kisiwa hicho kiliangamia, na chai ikashika nafasi yake. Kati ya mwaka 1880 na 1882 mwanasayansi Harry Marshall Ward alichunguza ugonjwa huo huko huko. Spora za kutu huota juu ya jani lililolowa; jani likikauka mapema, hazipati nafasi ya kupenya. Kwa hiyo si wingi wa mvua ya mwaka peke yake unaoamua nguvu ya kutu, bali pia idadi ya saa ambazo jani hubaki na maji. Ugonjwa huu husumbua zaidi kahawa ya Arabika. Mibuni mingi ya Robusta, ambayo ndiyo kahawa ya asili ya Bukoba, huustahimili.

Sigatoka nyeusi ya migomba

Ugonjwa huu ulitambuliwa huko Fiji mwaka 1963, na mwaka 1987 ulionekana Pemba na Unguja. Kuvu yake, Pseudocercospora fijiensis, hutaka jani lenye maji na pia joto la kutosha. Mahali penye baridi hukua polepole, na ndiyo maana zamani ilidhaniwa kwamba migomba ya nyanda za juu imekingwa na mwinuko wake. Lakini utafiti wa Uganda na Tanzania uliochapishwa mwaka 2020 uliikuta kuvu hiyo hata katika miinuko iliyodhaniwa kuwa salama. Mistari myeusi huenea, jani hukauka kabla ya wakati, na mkungu hukosa kujaa. Katika nchi ambayo ndizi ndiyo chakula kikuu, hilo ni jambo zito.

Mnyauko fuzari wa kahawa

Mfano wa tatu ni wa namna nyingine. Kuvu Fusarium xylarioides huingia katika mbuni kupitia majeraha, huziba mirija ya maji, na mti mzima hukauka. Ugonjwa huo ulionekana kwanza Afrika ya Kati mwaka 1927, ukazuka upya nchini Uganda mwaka 1993, na mwaka 1997 ukathibitishwa katika Robusta ya Kagera. Hapa mchukuzi mkubwa ni binadamu: miche, kuni za mibuni iliyokufa, na panga lisilosafishwa. Wataalamu wa Maruku, karibu na Bukoba, wamejitahidi kupata aina za Robusta zinazoustahimili.

Tahadhari moja yafaa hapa. Si kila mnyauko huletwa na kuvu. Mnyauko wa migomba ulioripotiwa Kagera mwaka 2006 husababishwa na bakteria.

Hali ya hewa ya chini ya matandazo

Mifano hiyo yaonyesha kwamba kuvu huitikia hali ya mahali pale pale inapoishi: juu ya jani, ndani ya mti, au udongoni. Mkulima hawezi kuiamuru mvua, lakini ana uwezo juu ya sehemu hizo. Akipogoa mibuni na kuondoa machipukizi ya migomba yaliyozidi, upepo hupita na majani hukauka upesi. Akitandaza nyasi, udongo hubaki na ubaridi na unyevu wakati wa kiangazi, na hivyo waozeshaji na mikoriza huendelea na kazi yao.

Kwa vizazi vingi Wahaya wamebeba nyasi kutoka rweya, yaani mbuga za nyasi, na samadi ya ng'ombe, wakavirutubisha vibanja. Rweya inapopungua kwa kulimwa au kupandwa miti, na ng'ombe wanapokuwa wachache, matandazo nayo hupungua. Udongo ulio wazi hupata joto na kukauka, na kuvu zenye manufaa hukosa chakula na maji. Basi mabadiliko ya hali ya hewa hukipata kibanja kikiwa kimekwisha kuvuliwa nguo.

Jaribio la shuleni

Pima mafungu sita ya majani makavu ya migomba isiyo na ugonjwa, gramu 50 kila moja, uyatie katika mifuko ya wavu. Weka matatu chini ya matandazo ya kibanja, na matatu juu ya udongo ulio wazi. Pima joto la udongo wa kila mahali saa nane mchana, mara moja kila wiki. Baada ya wiki nane toa mifuko, ondoa udongo, kausha majani juani, kisha yapime tena.

Maswali

1. Ni mafungu yapi yaliyopungua uzito zaidi, na kwa nini?
2. Matokeo yangekuwaje kama jaribio lingefanywa Julai badala ya Aprili?
3. Kwa nini panga lililokata mbuni mgonjwa lisafishwe kwa moto au dawa kabla ya kukata mbuni mwingine?