Mche wa Chai na Jua: Ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Jina la kisayansi la mmea wa chai ni Camellia sinensis. Ni wa jenasi moja na kamelia zinazopandwa Japani na Ulaya kwa ajili ya maua yake. Watunza bustani wa huko wanajua kwamba Camellia japonica hupendelea kivuli chepesi, ilhali Camellia sasanqua huvumilia jua zaidi. Chai yetu ya Mufindi, Rungwe na Njombe hukaa juani kutwa na ikastawi, ndiyo maana wanunuzi wengi wa miche hawaoni haja ya kuuliza habari za jua.

Swali hilo lina umuhimu wake, kwa kuwa mche wa chai hauanzii maisha juani. Hutokana na kipandikizi, yaani jani moja na kipande kifupi cha shina, kilichochomekwa katika kiriba cha plastiki na kuwekwa chini ya kibanda cha kivuli. Majani yanayoota humo ni laini na yamezoea mwanga hafifu. Mche ukitolewa kivulini na kupelekwa shambani siku hiyohiyo, jua huyababua: hupauka, kisha huwa ya kahawia na kupukutika kabla mizizi haijashika. Kinga yake ni kuukomaza. Mwenye kitalu huondoa kivuli kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, hadi mche uweze kukaa wazi kutwa bila kunyauka. Kazi hiyo hula muda na nafasi, na muuzaji mwenye haraka ya fedha hushawishika kuiruka.

Kwa nafasi ya sentimita 120 kwa 75, ekari moja huchukua miche karibu 4,500. Theluthi yake ikifa, mkulima amepoteza miche 1,500, ujira wa vibarua na msimu wa mvua, ilhali chai huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kumlipa. Mapengo nayo hugeuka makazi ya magugu.

Tunamshauri mnunuzi aende kitaluni mwenyewe, tena mchana wa jua kali, maana asubuhi kila mche hupendeza. Aoneshwe miche ileile atakayouziwa. Ikiwa ingali chini ya kibanda, haifai kupandwa kesho, hata iwe mirefu na ya kuvutia. Pengine urefu huo umetokana na kivuli chenyewe. Mche uliokomaa una majani magumu ya kijani kilichokolea, na shina lake limeanza kuwa la kahawia upande wa chini. Aombe pia kupasua kiriba kimoja, hata kwa kukilipia, aone kama mizizi imeenea mpaka chini bila kujizungusha. Muuzaji akikataa, ni afadhali kutafuta kitalu kingine.

Stakabadhi ioneshe idadi ya miche, jina la aina, tarehe, na maneno kwamba miche imekomazwa juani. Tunasisitiza maneno hayo ya mwisho. Yasipoandikwa, lalamiko hubaki neno la mmoja dhidi ya la mwenzake, nasi huwa vigumu kumsaidia mlalamikaji.

Hata mche uliokomazwa vizuri huhitaji uangalizi shambani. Upandwe mvua zikiwa zimeshika, katika udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 5.6. Majivu ya jikoni yasiwekwe kamwe, kwani hupunguza tindikali hiyo. Matandazo ya nyasi kavu yazunguke mche bila kugusa shina. Mvua ikikatika katika majuma ya kwanza, matawi machache yachomekwe upande wa magharibi ili kupunguza ukali wa jua la alasiri, na yaondolewe mara majani mapya yanapokuwa magumu.