Somo la Wiki: Kuitayarisha pikipiki ya mzigo kwa njia za Lusu

WAFANYABIASHARA wanaonunua mpunga na karanga katika vijiji vya Lusu, wilayani Nzega, hufuatilia bei ya gunia kwa makini, lakini ni wachache wanaoandika ni kiasi gani cha pesa kinachobaki njiani kati ya shamba na barabara ya lami. Safari hiyo ya mwanzo hufanywa na pikipiki. Lori haliingii mbugani, na baiskeli inachelewa soko. Kwa hiyo zile shilingi elfu chache kwa gunia, ambazo ndizo faida yote ya mnunuzi mdogo, mara nyingi zinategemea namna pikipiki ilivyofungwa na fundi.

Lusu ilijulikana nchini kwa dhahabu. Mgodi wa Golden Pride, uliomilikiwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulianza kuzalisha mwaka 1998 na ukasimama baada ya kama miaka 15. Lakini mwenye mtaji wa kununulia magunia kumi hakuwahi kutegemea mgodi. Njia zake ni zile zile: kichanga kwenye miinuko, mifereji ya ng'ombe, na mbuga za udongo mweusi ambazo kiangazi zinapasuka na wakati wa mvua zinashika tairi kama ulimbo.

Pikipiki inayotoka dukani haikuwekwa kwa ajili ya njia hizo. Imewekwa kwa mtu mmoja au wawili kwenye barabara nzuri. Watu wa mashindano ya porini, ambao pikipiki zao zina gurudumu la mbele la inchi 21 na shokapu ndefu, hawapandi mashine mpya kabla hawajaifungua na kuipima upya kulingana na uzito wa dereva na aina ya udongo. Mnunuzi wa mpunga hana haja ya mashine yao. Anachohitaji kuazima kwao ni utaratibu wa kupima.

Uzito kwanza

Kitabu cha pikipiki nyingi za sentimita za ujazo 125 hadi 150 huonyesha kwamba mzigo wote, pamoja na dereva, usizidi sana kilo 150. Dereva wa kilo 65 na gunia la kilo 80 wamekwisha fika hapo. Katika njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kama frasila mbili, takriban kilo 32, na wapagazi wenyewe waliulinda ukomo huo. Pikipiki haina mdomo wa kukataa. Inakubali gunia la pili, halafu inakata spoku wiki inayofuata.

Hatua zote zinazofuata zinachukulia kwamba mzigo uko ndani ya kiwango. Hakuna fundi awezaye kurekebisha gunia la pili kwa spana.

Meno ya sproketi

Rekebisho lenye faida ya haraka kuliko yote ni la sproketi. Chukua pikipiki yenye meno 15 kwenye sproketi ndogo ya mbele na meno 38 kwenye ile ya nyuma. Gawa 38 kwa 15, jibu ni 2.53. Ikifungwa sproketi ya mbele ya meno 14, jibu linakuwa 2.71. Nguvu inayofika kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 7, na mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho: injini iliyokuwa inatoa kilomita 60 kwa saa sasa inatoa 56 kwa mzunguko ule ule.

Mbugani hakuna anayekwenda 60. Kinachotafutwa ni pikipiki kuondoka kwenye tope bila dereva kushikilia klachi nusu nusu. Klachi inayosuguliwa kila siku huungua, na bei ya sahani za klachi pamoja na ufundi ni kubwa kuliko ya sproketi ndogo.

Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu hivi ya nyuma, kwa kuwa 41 kwa 15 ni 2.73. Wengi huanza na la mbele kwa sababu ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba cheni inajikunja zaidi kwenye sproketi ndogo na inakwisha mapema. Kwa mwenye safari ndefu za lami, kwa mfano kutoka Nzega kwenda Tabora, rekebisho hili linaweza kumgharimu: injini itazunguka zaidi njia nzima na petroli itaongezeka. Afadhali abaki na meno ya kiwandani, apunguze mzigo anapoingia porini.

Cheni yenyewe hupimwa vibaya karibu kila mahali. Vitabu vya pikipiki za aina hii hutaka ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati, na fundi huupima pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi. Mzigo ukipakiwa, gurudumu la nyuma linapanda na cheni inakaza. Iliyokuwa sawa gereji inakuwa waya wa gitaa njiani, nayo huvuta beringi ya giaboksi hadi mafuta yaanze kuvuja. Dawa yake ni kuipima tena dereva akiwa amekaa na gunia likiwa limefungwa, na kuhakikisha bado inacheza kidogo.

Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini yake, ilibuniwa kwa nchi ambazo matunzo ni haba, na mfuniko mzima wa cheni ulikuwa sehemu ya ubunifu huo. Wapo wanaouvua ili pikipiki ionekane ya kisasa. Mchanga wa Lusu unawashukuru.

Shokapu na futi kamba

Kupima shokapu kunahitaji watu wawili na futi kamba. Pikipiki huinuliwa hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha hupimwa urefu kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye fremu juu yake. Halafu hushushwa, dereva hukaa na mzigo wake wa kawaida, na urefu hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho pikipiki imezama.

Kanuni ya watu wa porini ni kwamba izame kama theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Kama gurudumu lina nafasi ya kupanda milimita 90, kuzama 30 ni sawa. Ikizama 70, zimebaki 20 tu, na shimo la kwanza litagonga chuma kwa chuma. Hapo ndipo rimu zinapinda na keria inaachia kwenye maungio.

Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina ngazi za kukazia springi. Ngazi ya chini ni ya dereva peke yake, ya juu ni ya mzigo, na zote mbili, kulia na kushoto, lazima ziwe sawa. Hata hivyo kuna kosa moja linaloenea. Kupandisha ngazi hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua tu pikipiki ili ianze kuzama kutoka juu. Ikiwa kwenye ngazi ya mwisho bado inazama kupita kiasi, springi haiwezi mzigo huo, na kinachotakiwa ni springi nyingine au gunia jepesi.

Upepo wa tairi unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ushauri mzuri wa mahali pengine unaweza kuharibu mali hapa. Ni kweli kwamba pikipiki za mashindano hukimbia na paundi 12 hadi 15 tu, ili tairi itandike na kushika udongo. Lakini zinabeba mtu mmoja, na zina tairi pana. Tairi ya 3.00-18 yenye gunia juu yake, ikishushwa kiasi hicho, itabana tyubu kati ya jiwe na rimu, na fundi atakuta matundu mawili yaliyo sambamba. Kwa mzigo kamili, nyuma huhitaji kama paundi 33 hadi 36, na mbele 25 hivi. Kwenye kichanga kirefu, pikipiki ikiwa tupu, inaweza kupunguzwa paundi chache. Pampu ndogo ya mkono basi iwe sehemu ya vifaa vya safari.

Madgadi ya mbele iliyokaa karibu na tairi hujaa udongo wa mbuga hadi gurudumu likome kuzunguka. Kuiinua ni kazi ya nusu saa.

Injini ipumue

Nyanda za Nzega na Tabora ziko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyorekebishwa pwani humwaga petroli kidogo zaidi ya inayohitajika huku. Plagi ndiyo shahidi. Ikitolewa baada ya safari ya kawaida, rangi ya kahawia ni afya, masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi, na weupe ni petroli pungufu, hali ambayo huchoma pistoni.

Lakini kabla ya kugusa kabureta hutazamwa chujio la hewa, kwa kuwa chujio lililoziba nalo hutoa masizi yale yale. La sponji huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, huchovywa kwenye oili ya injini na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Kulitoa kabisa ili injini ivute vizuri, kama baadhi ya vijana wafanyavyo, ni kulisha silinda mchanga.

Kwa hesabu ya mfano, pikipiki inayotumia lita 3 kwa safari inaanza kutumia 3 na nusu kwa sababu ya chujio. Petroli ikiwekwa sh. 3,000 kwa lita na safari zikiwa sita kwa wiki, sh. 9,000 zinapotea. Kwa wiki nne ni sh. 36,000.

Baada ya chujio ndipo huja skrubu ya mchanganyiko. Ikiwa iko upande wa chujio, ni ya hewa, na kuikaza huongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli, na kuikaza huipunguza. Kutozitofautisha kumepeleka pikipiki nyingi kwa fundi wa pili. Hurekebishwa injini ikiwa moto, kidogo kidogo, hadi izunguke kwa wepesi bila kukatakata.

Mwenye mali na mwenye usukani

Wapo wawekezaji wadogo ambao mbugani hawafiki. Wananunua pikipiki, wanamkabidhi kijana, na kusubiri hesabu ya kila siku. Hapa matengenezo yanakuwa suala la mkataba. Kijana anayelipa hesabu hupata chake kwa safari nyingi na magunia mengi. Cheni, springi na silinda si vyake. Mwenye mali anataka pikipiki ifike mwaka wa tatu. Mkataba unaosema tu kiasi cha hesabu unamlipa dereva kwa kuimaliza pikipiki. Ulio bora hutaja uzito wa juu kwa safari, nani ananunua oili na cheni, siku ya kusafisha chujio, na daftari moja ambamo huandikwa lita, safari na kila spea.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Rekebisho hufanywa moja kwa wakati. Aliyebadili sproketi, upepo na skrubu siku moja hatajua ni kipi kilichopunguza petroli. Sproketi wiki hii, lita zihesabiwe. Shokapu wiki ijayo.

Spoku za rimu mpya au iliyofungwa upya hugongwa kwa spana baada ya siku chache za mzigo. Inayolia kwa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Kazi hiyo, pamoja na kukaza nati za keria, ifanyike kabla ya mvua za Novemba, maana mbuga ikishajaa hakuna gereji njiani.