Utabiri wa Mvua na Afya ya Familia

Kila mwaka kabla ya mvua za vuli kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa msimu. Wengi wetu tunausikiliza redioni tukifikiria mahindi na maharage tu. Si vibaya, maana njaa nayo ni adui wa afya. Lakini utabiri huo unahusu pia choo, kisima, chandarua na zizi. Katika somo hili tutaona maana yake na namna ya kuutumia.

Utabiri unasema nini?

Wataalamu hugawa mvua ya msimu katika mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Kisha husema fungu lipi lina nafasi kubwa zaidi. Tuseme mvua za juu ya wastani zimepewa nafasi 50 kati ya 100, za wastani 30, na za chini ya wastani 20. Hapo mvua nyingi zinatazamiwa, lakini mvua haba nazo zina nafasi yake. Zikija haba, tusiseme tumedanganywa. Tena utabiri wa msimu hautaji siku ambayo mto utafurika. Kwa hilo tusikilize utabiri wa kila siku na tahadhari zinazotolewa siku chache kabla.

Wataalamu huangalia hasa joto la bahari. Maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yakipata joto kuliko kawaida, hali hiyo huitwa El Niño, na mara nyingi vuli yetu huongezeka. Yakipoa huitwa La Niña, na mara nyingi vuli hupungua. Bahari ya Hindi nayo ina nguvu yake: upande wetu ukiwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ukiwa umepoa, mvua huzidi. Mwaka 1997 hali hizo mbili zilikutana, tukapata mafuriko makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu sana, lakini mvua hazikufikia zile za 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño yenye nguvu, na bado vuli ilileta mafuriko. Basi tusikilize utabiri wote, si jina la El Niño peke yake.

Magonjwa yanayofuata

1. Kipindupindu na kuhara. Mafuriko huingia vyooni na kubeba uchafu hadi visimani. Wakati wa ukame pia, watu huchota maji popote na huacha kunawa mikono.

2. Malaria. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja au mbili. Ndiyo maana wagonjwa huongezeka wiki kadhaa baada ya mvua kuanza.

3. Homa ya Bonde la Ufa. Ilizuka Kenya, Somalia na Tanzania baada ya mvua kubwa za 1997/98 na 2006/07. Mbu huieneza, lakini watu wengi huipata kwa kushika damu au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, mwiteni mtaalamu wa mifugo. Msichinje mnyama mgonjwa, wala msinywe maziwa mabichi.

Tufanye nini mapema?

- Tuimarishe choo, na tuchimbe mifereji ya kupitisha maji mbali na nyumba.
- Tushone vyandarua vilivyotoboka, tufukie madimbwi, na tuchemshe maji ya kunywa.
- Tumwulize mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo kabla ugonjwa haujaingia.
- Tuweke sukari na chumvi. Anayeharisha apewe lita moja ya maji safi yaliyochanganywa na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku akipelekwa zahanati.
- Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua ahamie mapema kwa ndugu walio karibu na hospitali, kabla daraja halijakatika.
- Wenye kisukari, shinikizo la damu au wanaotumia dawa za kila siku wachukue dawa za kutosha.
- Utabiri ukiwa wa mvua haba, tusiuze mavuno yote, tupande mtama na muhogo, na watoto wapimwe uzito kila mwezi.

Mvua kubwa zisipokuja, choo imara bado kitatumika na chandarua bado kitamkinga mtoto. Lakini zikija tukiwa hatujajiandaa, hasara yaweza kuwa uhai wa mtu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni nyumba zipi katika jumuiya yetu ziko bondeni, na nani atawapokea watu wake?
2. Barabara ikikatika, mgonjwa atafikaje hospitali?
3. Wazee na wajane wasioweza kuchimba choo, nani atawasaidia kabla ya mvua?