Kukodi Shamba la Bustani: Kamba, Maji na Maandishi Kabla ya Fedha

Kiangazi kinapokaribia, mahitaji ya ardhi kwa ajili ya bustani za mboga huongezeka katika Kata ya Mnyuzi. Si kila kaya ina eneo linalofikiwa na maji. Hivyo wakulima wengi wa mchicha, bamia, bilinganya na nyanya hulima katika mashamba ya kukodi. Hata hivyo, kodi inayotajwa kwa mdomo siyo gharama yote. Mkulima huijua gharama ya kweli pale tu anapokuwa amepima eneo, amekagua maji na ameandikiana na mwenye shamba.

Ardhi ya kukodi hupatikana wapi?

Kundi la kwanza ni ardhi ya kaya, inayomilikiwa kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Anayekodi hana budi kuhakikisha kuwa anayepokea fedha ndiye mwenye haki, na kwamba mwenzi wake pamoja na ndugu wenye sehemu katika shamba hilo wameridhia. Migogoro mingi huzuka pale ambapo kaka amekodisha na dada hana habari.

Kundi la pili ni ardhi ya kijiji iliyo wazi. Halmashauri ya kijiji inaweza kuidhinisha matumizi ya eneo lisilozidi hekta 5 kwa muda usiozidi miaka 5. Eneo au muda ukizidi hapo, mkutano mkuu wa kijiji hushirikishwa. Mwenyekiti au mtendaji peke yake hana mamlaka ya kukodisha ardhi ya kijiji.

Kundi la tatu ni mashamba ya mkonge na maeneo ya taasisi. Hata kama ardhi hiyo imekaa miaka mingi bila kulimwa, haiwi ya kijiji kwa sababu hiyo tu. Ruhusa ya maandishi hutolewa na mmiliki, si na jirani wala na mlinzi wa shamba. Vivyo hivyo, hifadhi ya reli na ya barabara haikodishwi na mtu binafsi.

Eka moja ni kubwa kiasi gani?

Kwa desturi, eka hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hiki ni sahihi iwapo kila hatua ina urefu wa sentimita 91 hivi, kwa kuwa eka moja ni mita za mraba 4,047. Mtu wa kawaida akitembea, hatua yake huwa fupi zaidi. Chukulia hatua ya sentimita 75: hatua 70 ni mita 52.5, na eneo lote ni mita za mraba 2,756. Hiyo ni takriban theluthi mbili tu ya eka.

Kwa mfano, mkulima akilipa shilingi 100,000 kwa "eka" ya namna hiyo, kwa hakika amelipa kiwango cha karibu shilingi 147,000 kwa eka kamili. Mbegu na mbolea alizonunua kwa hesabu ya eka moja nazo zitabaki. Kamba yenye alama za mita huondoa hasara hiyo kwa muda mfupi.

Maji ni sehemu ya bei

Shamba la bei nafuu lililo mbali na maji huweza kuwa ghali kuliko lile la bei ya juu lililo karibu, kwani mafuta ya pampu au nguvu za kubeba ndoo ni gharama pia. Lakini ukaribu nao una mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Anayekodi bustani ndani ya mita hizo anaweza kuondolewa mboga zikiwa bado shambani, na kodi yake isirudi. Anayekusudia kuchepusha maji ya mto kwa mfereji anapaswa kwanza kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Maandishi ni kinga ya pande zote mbili

Makubaliano yaandikwe kwa nakala mbili mbele ya mashahidi, nayo yaeleze:

1. majina ya pande zote, mipaka na ukubwa wa eneo kwa mita;
2. kiasi cha kodi, tarehe ya malipo na sahihi ya aliyepokea;
3. siku ya kuanza na siku ya kukabidhi shamba;
4. nani atavuna mazao yatakayokuwa bado shambani muda ukiisha;
5. miti ya kudumu iliyopo, na iwapo mpangaji anaruhusiwa kupanda mingine.

Kodi inayolipwa kwa kijiji idaiwe stakabadhi, na mapato yake yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Mgogoro ukitokea, upelekwe kwanza katika Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Je, shamba ulilokodi msimu uliopita lilipimwa kwa hatua za nani?
2. Liko mita ngapi kutoka mtoni?
3. Karatasi ya makubaliano iko wapi leo?

Mwananchi asiye na jibu la swali lolote kati ya haya anashauriwa kufika ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au kwa Afisa Kilimo wa Kata kabla ya kutoa fedha za msimu ujao.