Somo la Robo Hii: Kanula na Dripu



Huku Heru Juu, mgonjwa akirudi kutoka hospitali, swali la kwanza la majirani ni, "Alitundikiwa dripu?" Asipotundikiwa, watu husema hakutibiwa. Ndiyo maana somo letu safari hii ni juu ya kanula, yaani ule mrija mdogo wa plastiki unaoachwa ndani ya mshipa wa mkono ili dawa na maji vipite.

Kanula huokoa maisha, hasa ya mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Lakini ni tundu kwenye ngozi. Tatizo la kawaida ni mshipa kuvimba: mahali hapo huuma, huwa na joto, na mshipa hukakamaa kama kamba. (Vitabu husema "wekundu", lakini kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, gusa.) Tatizo lingine ni kanula kutoka mshipani na maji kuingia kwenye nyama. Mkono hujaa, hukaza na huwa wa baridi. Maji ya kawaida yakivuja, uvimbe hupungua wenyewe. Glukosi kali ya asilimia 50 huweza kuua nyama ya mkono. Mara chache vijidudu huingia kwenye damu, na hapo mgonjwa anaweza kufa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza mtoto wa dada yangu katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku ule muuguzi mmoja alikuwa na wodi nzima. Mkono wa mtoto ulikuwa chini ya kitenge, naye alilia sana. Tukadhani ni homa. Kulipokucha mkono ulikuwa umejaa hadi kiwiko. Alipona, ila kovu analo. Simlaumu muuguzi peke yake. Tulikuwa watu wazima wawili pale kitandani na hakuna aliyefunua kitenge.

Basi mnapotembelea wagonjwa, waambieni wanaowauguza wafunue na kuangalia mara kwa mara, hata usiku. Wakiona uvimbe wamwite muuguzi, wasichomoe wenyewe. Wala wasizungushe kile kigurudumu ili dripu iishe haraka: mwaka 2011 utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi. Na dawa za mshipani zikiisha, waulize kanula inabaki ya nini.

Zamani malaria kali ilitibiwa kwa dripu ya kwinini, saa nne kila moja, mara tatu kwa siku. Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kuwa sindano ya artesunati hupunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kwinini. Huchomwa kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mtoto aliyerudi bila dripu huenda ametibiwa vizuri zaidi.

Kwa wafadhili: rangi ya kanula ni ukubwa wake. Ya njano ni ya watoto wachanga, ya kijani ni ya watu wazima. Boksi la kijani halimsaidii kichanga. Tumeni pia glovu, spiriti, pamba na plasta nzuri, kwani plasta ikilegea kanula huchezacheza na kukwaruza mshipa. Kabla ya kununua, kamati iulize wodi ya watoto imebakiwa na za njano ngapi.