Injini Imesukwa Upya? Toa Hewa Kwanza, Ndipo Upokee Oda

Wauzaji wenzangu, wengi wetu tunasambaza mizigo kwa gari iliyokula chumvi nyingi. Injini ikifunguliwa na kusukwa upya, mtaji wote umeingia pale. Lakini kuna kitu kidogo kinaweza kuirudisha gereji wiki hiyo hiyo: hewa iliyobaki kwenye mfumo wa kupooza.

Mimi nauza vyombo vya jikoni na napeleka kwa gari yangu mwenyewe. Gari ikiwa kwa fundi, siondoki mpaka hewa iishe. Haya ndiyo ninayoyaangalia, ili na wewe ujue cha kumuuliza fundi wako.

KWA NINI HEWA NI HATARI
Injini ikifunguliwa, maji humwagwa yote. Ukijaza upya, hewa inakwama sehemu za juu, kwenye silinda hedi na kwenye hita. Hewa haibebi joto kama maji. Pale ilipokwama chuma kinapata moto kupita kiasi, hedi inapinda, gasketi mpya inaungua. Mbaya zaidi, sensa ikiwa ndani ya hewa, mshale wa joto unaweza kukuonyesha mambo ni shwari.

HATUA
1. Injini iwe ya baridi kabisa. Pua ya gari iinuke kidogo, mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine.
2. Weka hita kwenye joto la mwisho. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegezwe, ifungwe pale yanapotoka maji matupu bila mapovu.
3. Mimina taratibu: nusu kulanti, nusu maji safi. Maji ya chumvi hapana, yanaleta kutu.
4. Washa kifuniko kikiwa wazi, usikanyage mafuta. Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Ikifunguka, mpira wa juu unapata moto, maji yanashuka, mapovu yanatoka. Ongeza maji yako uliyochanganya.
5. Subiri feni iwake na kuzima mara 2, na mapovu yakome. Funga kifuniko, jaza kidumu cha akiba mpaka kwenye alama.
6. Iache ipoe. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia tena. Yakipungua kidogo, ongeza.

ONYO: Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji yako kwenye presha, yanaruka na kuunguza vibaya.

IKIWA MAPOVU HAYAISHI
Saa nzima mapovu yanatoka tu? Huenda gesi ya silinda inavuja kupita kwenye gasketi au hedi yenye ufa. Usilipe ukaondoka. Mwambie fundi apime palepale.

UPANDE WA BIASHARA
Usipange oda za mbali siku ya kutoka gereji. Siku 2 au 3 za mwanzo zunguka karibu, mzigo mwepesi, na kila asubuhi chungulia kidumu cha akiba. Oda za mbali mpe bodaboda, na mteja mwambie mapema. Nauli ya bodaboda inauma, lakini kusuka injini mara ya pili kunafunga duka.

Mshale ukipanda njiani, au hita ikianza kupuliza baridi ghafla, paki pembeni na uzime. Mteja atasubiri. Injini haisubiri.

Mtumie mwenzako mwenye gari ya mizigo. Swali lolote, weka hapo chini.